Mukimo wa Muthokoi

Jumatatu, 9 Juni
Mbinya bado yuko Ruiru kwa dada yake Mwelu. Aliondoka kwa hasira baada ya mimi, mumewe, kufuga konokono wa kuuza kwenye beseni lake la kufulia. Tungetajirika! Hakungoja. Chumba chetu hapa Witeithie kimekuwa kikubwa ghafla. Nalala upande wangu wa kitanda tu, wake sigusi. Nimemkumbuka, hata kule kunigombeza kwake.

Nimepata mpango. Nitamrudisha kwa chakula. Mkamba gani atakataa muthokoi, mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe?

Jumanne, 10 Juni
Nimeazima kinu cha Mama Kui, jirani. Akauliza Mkikuyu kama mimi amejifunza wapi kukoboa mahindi. Nikamjibu mahindi hayana kabila. Nikatwanga makavu, kwa nguvu. Punje ziliruka mpaka kwa kuku wake! Mama Kui akacheka hadi akaketi, kisha akanionyesha kunyunyiza maji kidogo ili maganda yatoke. Nilikuwa karibu kuligundua hilo mwenyewe.

Jumatano, 11 Juni
Muthokoi umeiva na maharagwe na viazi vyake. Nikaonja. Ngai, mtamu! Ningeachia hapo. Lakini mwiko ulikuwa mkononi, na mtu aliyelelewa Gatundu akiona mahindi, maharagwe na viazi kwenye sufuria moja, mkono wake hauombi ruhusa. Nikaponda, ukawa mukimo wa kwetu Wakikuyu. Nikatia majani ya malenge, yote yakawa kijani. Juu nikakatia nanasi, maana mapenzi yanataka utamu.

Owino, fundi wa pikipiki, akaonja. Halafu akauliza kama hii ni ya kula ama ya kuziba pancha. Wivu tu! Hana mke wa kupikia.

Alhamisi, 12 Juni
Nimempa Owino hotpoti aipeleke Ruiru kwa pikipiki. Mwenyewe nimebaki. Mwanamume akienda kubembeleza getini kwa shemeji, ataheshimiwa lini tena?

Siku nzima nimesimama mlangoni. Kila pikipiki ikipita moyo unaruka.

Owino amerudi na habari. Mwelu alifunua hotpoti akaita wapangaji wa ploti nzima. Muthokoi umepondwa! Akataka kujua Wakamba wamenikosea nini. Mumewe, Kaleli, akauliza kama ni chakula cha mtoto asiye na meno. Mbinya peke yake hakucheka. Alikula vijiko kadhaa, akachungulia nje ya geti, akauliza mimi niko wapi. Owino akamwambia niko nyumbani nangoja majibu. Mbinya akafunika hotpoti polepole, akaingia ndani.

Ijumaa, 13 Juni
Ujumbe wa Mbinya umeingia asubuhi. "Bedan, mimi sikuwa nangoja chakula. Niliposikia hiyo pikipiki nilivaa viatu, nikachukua na begi. Nilidhani ni wewe."

Nimeusoma hadi macho yakalowa. Alivaa viatu! Begi mkononi! Mke wangu alikuwa tayari kabisa kurudi, na jioni ya jana tungekula pamoja, akinigombeza kwa ajili ya beseni. Nimeketi kitandani, upande wake, nikaulalia mto wake. Bado una harufu ya mafuta yake ya nywele.

Nimewaza sana leo. Sijaenda popote, nimewaza tu. Na kosa langu nimeliona waziwazi.

Lile nanasi lilikuwa chachu.

Kesho natia embe. Nimeshamwambia Owino aje mapema achukue hotpoti nyingine.