Aksileta ya Kinyozi na Keki ya Yaimelis

Jumatatu, 10 Juni

Umeme umekatika saa mbili asubuhi, sawasawa na ratiba ya mgao. Kahawa yetu ya mgao: kahawa nusu, njegere za kukaanga nusu. Nimeinywa.

Jumamosi binti yangu Yaimelis anatimiza miaka kumi na tano, umri ambao kwetu msichana hufanyiwa sherehe kubwa na kucheza wimbo wa kwanza na baba yake. Keki anaoka Bi Zoraida, upande wa pili wa mji: ghorofa tatu, krimu ya buluu. Hapa Holguín keki ya namna hiyo hupandishwa kwenye baiskeli, juu ya ubao, bila kifuniko, mtaa mzima uione. Nimemwahidi binti nitaileta mwenyewe, kwa baiskeli yangu ya umeme.

Baiskeli haiendi. Aksileta, kile kishikio unachozungusha ili iongeze mwendo, imekufa tangu Machi. Nereida, mke wangu, anataka kazi apewe kaka yake Osvel, mwenye pikipiki nyekundu ya umeme inayotembea. Nimesema ng'o.

Jumanne, 11 Juni

Nimepata aksileta! Imetoka kwenye pikipiki ya kinyozi Fundora, iliyoungua betri. Yeye kachukua viatu vyangu vyeusi kuwa malipo. Nereida ameuliza nitacheza na binti wimbo wa kwanza nikiwa nimevaa nini. Kuna watu hawaoni mbali.

Nyaya ni tatu. Nyekundu inaleta umeme, nyeusi inaurudisha, ya kijani inakipasha habari kisanduku cha mota kwamba mkono umezungusha kiasi gani. Nimeunga rangi kwa rangi. Umeme uliporudi saa nane mtaa ulipiga kelele, kila mtu akachomeka kila alichonacho, na mimi chaja yangu. Nikazungusha. Kimya.

Osvel alipita. Alipiga honi mara mbili.

Jumatano, 12 Juni

Nimeifungua aksileta. Kumbe fundi aliyetangulia aliiunga kwa waya wa simu ya mezani na kugeuza rangi: nyekundu iko mahali pa nyeusi, nyeusi mahali pa nyekundu. Hana adabu, lakini kalehemu vizuri. Nimeunga upya kinyume. Nikazungusha. Kimya.

Yaimelis aliuliza kwa nini najaribu huku chaja imechomekwa. Anasema shuleni walifundishwa kuwa mashine nyingine hujifunga zikiwa zinachajiwa. Nimemwambia akajaribu gauni lake. Anayechomoa chaja wakati umeme upo haijui nchi hii.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeazima testa, kipima umeme, kwa Osvel. Kuomba kumeniuma. Aliitoa pamoja na ushauri kwamba keki inabebeka pia kwa toroli.

Kupima kunataka mikono miwili, na aksileta inataka wa tatu. Dawa: nimeizungusha mpaka mwisho na kuifunga hivyo hivyo kwa mpira wa tyubu. Matokeo: umeme unaingia, habari inatoka. Swichi za breki, zile zinazokata mota, ni nzima. Mota bubu. Nimekagua kila kitu kilichomo kwenye baiskeli, hata kengele.

Nimekaa sakafuni. Naogopa, niseme kweli. Naogopa kusimama mlangoni na mikono mitupu, Osvel akishuka na keki na mtaa ukimpigia makofi, na Yaimelis akijifanya haoni niliposimama.

Nereida amenipa hadi kesho saa sita mchana.

Ijumaa, 14 Juni

Osvel alifika saa nne kusubiri saa sita. Aliegesha pikipiki yake mbele ya mlango wetu, makusudi.

Hali ilikuwa hivi: baiskeli sebuleni imeegemea kiti, chaja ukutani, aksileta imefungwa mpira tena, mimi jikoni natafuta bisibisi. Saa tano na robo umeme ukakatika, nje ya ratiba. Feni ikasimama. Baiskeli ikaondoka.

Ilitoka mlangoni peke yake, ikiburuta waya wa chaja, ikaigonga pikipiki nyekundu ubavuni. Yangu imepoteza kengele. Ya Osvel imeanguka na aksileta yake imekatika vipande viwili.

Nilitangaza kwamba imepona. Osvel alisema mengine, siyaandiki.

Nereida akatoa hukumu: aksileta ya Fundora ifungwe kwenye pikipiki ya Osvel, na keki ailete Osvel. Nimeifungua kwa mikono yangu mwenyewe, kama askari anayevuliwa cheo. Osvel akauliza waya upi unakwenda wapi.

"Rangi zinajieleza, shemeji," nikamjibu.

Jumamosi, 15 Juni

Saa tatu asubuhi Osvel alikuwa bado amepiga magoti mbele ya pikipiki yake. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Kimya. Mimi nilikunywa kahawa. Nereida alianza kulia, nikaacha kuifurahia kahawa, lakini siri ya zile rangi sikuitoa.

Ndipo Yaimelis akatoka na vibanio vya nywele kichwani. Akamtazama mjomba wake, akanitazama mimi, akatazama baiskeli yangu.

"Baba, hiyo si ina pedali?"

Ina pedali. Ilikuja nazo.

Kilomita nne kwenda, nne kurudi, ubao umefungwa kwenye keria, ghorofa ya tatu ikiegemea kulia kila kona. Kinyozi Fundora alitoka dukani, na viatu vyangu miguuni, akaniuliza kwa sauti kama mgao umefika hadi mapajani. Watu walicheka. Watoto walikimbia nyuma. Keki imefika nzima, isipokuwa alama moja ya kidole, ya nani sijui.

Yaimelis alinikumbatia shingoni mbele ya mtaa wote, na jasho langu lote. Nililia. Nimesema ni krimu imeniingia machoni.

Nimecheza naye wimbo wa kwanza nikiwa nimevaa viatu vya Osvel. Alivivua mwenyewe akanipa. Vinabana. Nilijisikia vibaya kidogo kuhusu zile nyaya. Ilipita kabla ya wimbo kuisha.

Jumapili, 16 Juni, Siku ya Akina Baba

Malengelenge miguu yote miwili. Umeme haukuwepo asubuhi.

Yaimelis kanipa zawadi: kadi kubwa, herufi za buluu, maua pembeni. Imeandikwa BABA, CHOMOA CHAJA KWANZA. Nimeguswa sana. Nimeibandika juu ya soketi, mahali pa heshima.

Osvel karudisha aksileta, kasema ni mbovu. Nimempa pole. Nimeiunga tena kwenye baiskeli yangu kwa nusu saa, nyekundu kwa nyeusi, nyeusi kwa nyekundu.

Iliyobaki ni kujua juzi ilipona vipi. Nimelifikiria sana na jibu ninalo: feni. Feni iliposimama, baiskeli iliondoka. Feni ndiyo iliyokuwa inainyima umeme muda wote huo, na hakuna aliyeliona hilo isipokuwa mimi.

Umeme umerudi saa nane. Nimezima feni, nimechomeka chaja, nimezungusha. Kimya. Ajabu. Itabidi kupima upya.

Nimeifunga aksileta mpaka mwisho kwa ule mpira. Nereida ameweka keki iliyobaki kwenye meza ndogo mlangoni, pale penye upepo, kwa kuwa feni imezimwa. Testa ninayo, bisibisi iko jikoni. Ratiba inasema umeme utakatika saa kumi. Sasa ni saa kumi kasoro dakika tano. Muda upo wa kutosha.