Simu ya Mkwe Wangu Ipitishwe Mirihi

S.L.P. 19,
Kamukuywa.
12 Machi 1999

Kwa Mhandisi Mkuu wa Simu za Setilaiti.

Ndugu Mhandisi,

YAH: SIMU YENU KUNIVUNJIA HESHIMA

Pokea salamu kutoka Kamukuywa. Huku sote tu wazima isipokuwa adabu, ambayo iko mahututi tangu mlipofunga lile dishi juu ya paa la duka la Bwana Gurdev.

Simu yenyewe naitaka, usinielewe vibaya. Binti yangu Lenah ameolewa Matisi, kule Kitale, na siku zake za kujifungua zimefika. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mfu, na habari zilinifikia kaburi likiwa limeota nyasi. Safari hii sitaki kuchelewa. Ninachokilalamikia ni kwamba anayepiga ni Bramwel, mume wake. Sisi Wabukusu, mama hampi mkono mkwe wake wa kiume wala hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia hata kwenye mahindi ya watu. Bramwel ana adabu zake. Miaka yote amesimama nje ya ua, akamwambia jirani yangu Chelimo, naye Chelimo akaniambia mimi. Chelimo hakuhitaji betri.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Simu ikilia, Bwana Gurdev hutoka nje na kuitangazia soko zima: "Mama Lenah! Mkwe yako iko kwa simu, kuja mbio!" Wauza nyanya huwaacha wateja wao ili waone kama nitakimbia. Ati mwalimu mstaafu amkimbilie mkwe!

2. Simu husikilizwa kwa sikio. Nimetafuta mahali pengine pa mbali zaidi mwilini mwangu, sikupata. Mkono wa mkwe siruhusiwi kuushika, lakini mdomo wake mmeniwekea sikioni. Hongereni kwa maendeleo.

3. Siku ya uzinduzi mlitueleza kwamba sauti hupanda hadi kwenye setilaiti kisha ikashuka, ndiyo maana huchelewa kidogo. Basi nikidhani amenyamaza, nasema. Kumbe naye alishasema, na maneno yetu yanagongana huko juu kama watu wawili mlangoni. Mama na mkwe kukumbana mlangoni! Hapa chini kosa kama hilo lina wazee wa kulitengeneza. Huko juu mmeweka mzee gani?

4. Nilimtuma Chelimo apokee kwa niaba yangu. Akauliza habari za ng'ombe, za mvua na za mahindi, kama adabu inavyotaka, na kabla hajafika kwa Lenah betri ikazima. Usiku huo sikulala.

Sasa ombi langu. Siku ile ile ya uzinduzi mlijisifu kwamba wanaochunguza anga huzungumza na mitambo iliyoko Mirihi, na jibu husubiriwa dakika nyingi. Ndugu Mhandisi, hiyo ndiyo heshima! Naomba simu zote za wakwe zipitishwe huko. Bramwel aseme, aondoke zake. Mimi niingie, nisikie, nijibu, nitoke. Naye arudi kusikiliza mimi nikiwa nimeshafika nyumbani. Mirihi ikiwa na kazi nyingi, jaribuni Zohali iliyo mbali zaidi, kwani sisi ni watu wa kuheshimiana sana. Na mkishindwa kabisa, mrusheni Bramwel mwenyewe. Chakula cha njiani nitamfungia, Chelimo atamkabidhi.

Jibu lenu lisipitie kwa Bwana Gurdev. Nisalimieni mafundi, wake zao, na hasa mama wakwe zao.

Wako, katika umbali unaostahili,

Nanyama Wekoye
Mwalimu Mstaafu

N.B. Nilikuwa nimesimama dukani nikitafuta bahasha, simu ikalia. Nilikimbia. Soko lote limeniona, na Bwana Gurdev nilimpiga kikumbo. Nikasema, "Bramwel, mwanangu yuko hai?" Kisha kukaja kule kuchelewa kwenu. Ni kitambo kidogo tu, lakini nimezeeka ndani yake. Akajibu, "Mama, si ni wewe? Wako sawa wote wawili, bana. Ni msichana." Akamsogeza mtoto karibu na simu, mtoto akalia, na mimi nikalia, na Bramwel naye, sote tukigongana huko juu bila haya.

Stempu nimeshabandika, kwa hiyo barua inakuja. Mambo ya Mirihi yaacheni. Ila hiyo setilaiti, haiwezi kushushwa kidogo?