Mwandishi Mwenzangu

Jumatano, 27 Desemba

Tathmini ya mwaka. Vitabu nilivyoazimia kusoma: arobaini. Nilivyomaliza: viwili, na kimoja ni kile kijitabu cha maelezo ya mashine ya kufulia. Nilichoandika: tabaruku ya riwaya yangu. "Kwa mke wangu, ambaye bila yeye..." Hapo nimekwama mwaka wa tisa sasa. Bila yeye nini? Riwaya yenyewe itafuata, haina haraka.

Mke wangu amejilaza sebuleni anasoma riwaya ya mdogo wake. Shemeji ni daktari wa meno. Wa meno! Kaiandika yote mwaka huu, kazini. Eti akishamchoma mgonjwa sindano, huandika mistari miwili mitatu huku akisubiri ganzi ishike. Mke wangu anacheka mpaka anarusha miguu. Mimi hajanichekea hivyo tangu siku niliyoanguka na pazia.

Jumapili tunakula kwa mama mkwe. Ameagiza mke wangu, kwa kuwa ndiye mwenye sauti, atusomee ukurasa mmoja uliomgusa kuliko kurasa zote mwaka huu. Ukurasa huo lazima uwe wangu. Kufa kupona!

Alhamisi, 28 Desemba

Nimeficha kitabu cha Shemeji nyuma ya friji, nikajitia hamnazo. Mke wangu alitafuta dakika mbili, akampigia simu mwenyewe. Mchana jamaa kaleta nakala tatu! Zote zina sahihi: "Kwa dada yangu kipenzi na mumewe, mwandishi mwenzangu." Mwenzangu! Roho iliniuma nikashindwa kula. Baadaye nikala.

Jioni nilimwekea mke wangu tabaruku yangu juu ya mto. Aliisoma, akaniuliza kwa upole kama wino uliisha.

Ijumaa, 29 Desemba

Siri ya Shemeji si kipaji. Ni kile chumba! Nimekwenda kliniki kupeleleza, nikasingizia jino. Akalichungulia, akasema mbona hili zima, shem. Nikamwambia linaniua. Akalipiga picha, akasema hata picha inasema zima. Nikakaza uzi. Aliniuliza mara tatu, mwisho akashusha pumzi, akanichoma sindano, akaniambia nitulie ganzi ishike.

Akatoa daftari. Ananitazama, anatabasamu, anaandika. Ukurasa mzima, na mimi nipo pale mdomo wazi! Nikanyoosha shingo nichungulie. Akadhani naogopa, akanipapasa bega. Kufikia hapo kughairi kungeniumbua. Nikaonyesha kwa kidole: ng'oa. Likang'olewa. Jino jeupe, halina hata doa. Na daftarini sikuambulia neno.

Jumamosi, 30 Desemba

Shavu limeumuka. Kusema siwezi. Mke wangu ameketi nami kitandani kutwa nzima, nami namwandikia vikaratasi. "Supu imezidi chumvi." Akanuna. "Silalamiki, natoa taarifa." Akacheka. "Nani amepiga simu? Kama ni yeye, mwambie nimelala." "Usiende jikoni. Jikoni hakuna mtu, huku kuna mimi." Alicheka mpaka akashika mbavu. Nadhani anacheka shavu.

Alasiri nilishindwa kuvumilia. Nikaandika: "Kesho msome tu mdogo wako. Kaandika vizuri. Nitapiga makofi, ila si kwa nguvu." Hakucheka. Alikusanya vikaratasi vyote, nadhani akavitupe.

Jumapili, 31 Desemba

Baada ya chakula mke wangu alisimama. Shemeji kavaa tai, ananyoosha kola. Nikainamia sahani yangu.

Mke wangu akafungua mkoba, akatoa vikaratasi vyangu! Kavibandika vyote kwenye ukurasa mmoja. Akasoma. Ilipofika supu, mama mkwe alicheka mpaka akaomba maji. Ilipofika jikoni, mezani hakukuwa na mzima kwa kicheko. Kile cha mwisho sauti ilimkatika katikati, akakaa, akanishika mkono mbele ya mama yake. Shemeji ndiye aliyeanza kupiga makofi, tena kwa nguvu. Akaniambia angetoa riwaya yake nzima ili asomwe vile mara moja. Nililia. Nikasingizia shavu.

Tumerudi nyumbani na sina amani. Yule mgonjwa wa jana, mimi wa shavu, kaandika ukurasa mzima kwa siku moja, na mke wangu kampenda. Namwonea wivu.

Jumatatu, 1 Januari

Shavu limenywea. Mke wangu kaniomba nimwandikie tena, hata kikaratasi kimoja tu. Nimekaa mezani tangu asubuhi hadi adhuhuri, mzima wa afya, kalamu mpya. Hata herufi!

Ndipo nikaelewa. Aliyeandika si mimi, ni jino. Nimempigia Shemeji anipangie nafasi kesho. Amekataa. Anasema kinywa changu hakina kasoro yoyote, nikae tu na mke wangu nimwambie ninachokiona. Anaogopa ushindani, wivu umemjaa mtu huyu! Nitatafuta daktari mwingine. Nimebakiwa na meno thelathini na moja. Hiyo ni riwaya nzima.