Koti Jekundu la Mwonja Divai

Jumatatu, 3 Julai 1972
Habari njema. Mzungu aliyekuwa akisimamia divai hotelini kwetu amerudi kwao, na meneja, Ndugu Hezekia, anatafuta mrithi. Atakayewahudumia vizuri wageni wa Saba Saba atavaa koti jekundu la kazi hiyo. Tumejitokeza wawili, mimi na Rajabu. Rajabu ni Mwislamu safi, hajawahi kulamba hata tone. Mimi naionja divai tangu kipaimara, kila Chakula cha Bwana. Nimeshashinda.

Jumanne, 4 Julai
Mazoezi ya pua. Mzungu alikuwa akinusa glasi na kusema anasikia mapeasi, mara majani mabichi. Basi nimenusa mapeasi sokoni, nimenusa majani, nimenusa zizi la mbuzi. Muuza mapeasi kaniuliza kama nanunua au naumwa. Jioni nikainusa mboga ya mke wangu, Efrazia, nikamwambia inaleta harufu ya moshi na huzuni kidogo. Akanijibu kwa Kishambaa, lugha anayoitumia akinichoka. Nimelala njaa. Ulimi mtupu huonja vizuri zaidi.

Alhamisi, 6 Julai
Leo nimejifungia stoo na chupa nilizogawiwa kwa meza yangu. Mzungu alikuwa akionja kisha anatema. Kutema mali ya umma, wakati nchi inajenga Ujamaa? Nikameza. Kila chupa nikaipa haki yake.
Baadaye nikaona chupa zimepungua sana. Akili ikafanya kazi. Divai nyekundu nikaijazia maji ya bitiruti kutoka jikoni. Nyeupe nikaijazia chai ya rangi iliyopoa. Vizibo nikavirudisha kwa kiganja. Kwa rangi, hakuna atakayejua.

Ijumaa, 7 Julai, Saba Saba
Wageni wamejaa. Mezani kwangu nikapewa Mama Paskalina, mgeni kutoka Dodoma. Hakuna aliyeniambia kwamba kwao wanalima zabibu.
Nikammiminia nyekundu, nikamweleza kwamba ina harufu ya udongo wa bustani ya mbali. Akaonja, akaniangalia kwa upole.
“Bustani si ya mbali, ndugu yangu. Hii ni bitiruti.”
Nikampongeza kwa ulimi mzuri, nikamletea nyeupe. Akaonja. Akaomba maziwa na sukari.
Kwenye meza ya pili, Rajabu aliwauliza wageni wanakula nini na wamezoea nini, akafungua chupa mbele yao, akamimina, akarudi nyuma, mikono mgongoni. Wakamsifu. Kwa kazi gani? Hakunusa chochote.

Jumamosi, 8 Julai
Koti kapewa Rajabu. Nilikwenda kwa Ndugu Hezekia kulalamika kwamba mtu huyu hajui hata ladha ya divai.
“Ndiyo sababu nimemchagua, Sefania,” akasema. “Kwake chupa zitabaki zimejaa.”
Mimi nimepelekwa kuosha glasi. Rajabu alipita na koti lake, akaniamkia shikamoo kama kawaida, maana ni mdogo kwangu, akanipa pole, akachukua kitambaa akanisaidia kukausha. Afadhali angenicheka. Niliitikia marahaba nikitazama koti. Mikono inampwaya. Mimi lingenikaa.

Jumapili, 9 Julai
Kanisani mchungaji alihubiri juu ya kutubu. Nimejichunguza kwa unyofu, nikaliona kosa langu. Ni bitiruti. Ningetumia juisi ya forosadi, yule mama asingejua kitu.
Lakini Mungu hamtupi mja wake. Baada ya ibada Ndugu Hezekia kaniambia kwamba hoteli itaanza kuletewa jibini kutoka shamba la Kwai, mapande makubwa ya mviringo kama magurudumu, ya kukaa stoo miezi, na anatafuta mtu mwaminifu wa kuyaangalia. Nimemwahidi ulimi wangu wote. Jibini haihitaji kujaziwa chochote. Ikipungua, ni panya.