Ng'ombe Mwekundu ni Wetu

Jumatatu, 9 Februari 1987

Baile Garbh, bara. Miaka ishirini na minane na miezi mitatu tangu serikali ituhamishe kutoka kisiwani kwetu, Inis Luachra. Watu ishirini na watatu, ng'ombe kumi na mmoja, na kabati la vyombo lililogoma kupita mlango wa nyumba mpya. Kisiwa kinaonekana kwenye dirisha la jikoni pasipokuwa na mvua. Mwaka huu nimekiona mara mbili.

Habari kubwa! Amefika binti kutoka Dublin, jina lake Muireann, na mashine ya kunasa sauti. Amepanga chumba juu ya posta. Anakusanya nyimbo za zamani. Kila wimbo anauandikia kadi: nani kauimba, ulitungwa wapi. Kadi zinakwenda kuhifadhiwa Dublin, na huko zinakaa mpaka mwisho wa dunia. Ataondoka tarehe 23.

Nikamuuliza, kama mtu asiyejali sana, wimbo wa Ng'ombe Mwekundu umeandikwaje. Akafungua kisanduku. Mwimbaji: Feistí Ó Maoláin. Ulitungwa: Baile Garbh.

Kwa penseli, nashukuru Mungu. Wino anatia siku ya mwisho.

Feistí! Miaka sabini na sita, vikombe vinne vya mashindano ya kuimba juu ya jiko, na sauti ambayo, nakiri humu tu, ni nzuri. Lakini ng'ombe yule ni wetu. Mwaka wa njaa kuu wakala wa mwenye ardhi alimchukua kwa nyanya wa mama yangu, kwa ajili ya kodi. Wakampakia mashuani. Katikati ya maji akaruka, akaogelea kurudi kwa mwenyewe. Ndio wimbo wote. Mama aliuimba kila majira ya baridi. Sasa mama hayupo, kisiwani wamebaki sili na kunguru, na wino ukishagusa kadi ile, hata ng'ombe atakuwa wa bara.

Sitakubali. Nina siku kumi na nne.

Jumatano, 11 Februari

Mpango wa kwanza: dada yangu Báirbre aimbe. Yeye ndiye anayeujua wimbo mzima. Mimi najua beti zote isipokuwa maneno ya mwisho, na hayo ndiyo shida yenyewe. Waimbaji wa huku hawauimbi mstari wa mwisho. Wanausema, haraka na kwa sauti ya chini, kama mtu anayetua mzigo. Mama alikuwa akiyasema ya kwake akiutazama moto. Báirbre alikaa karibu na moto. Mimi nilikaa mlangoni, niwe wa kwanza kutoka.

Nikamsubiri amalize kukanda mkate. Nikaanza mbali: hali ya hewa, kuku, marehemu mama. Akaniambia niseme ninachotaka kabla mkate haujaungua. Nikasema.

Hajaimba tangu siku tuliyohama. Si msibani, si harusini. Akaniangalia kama ninavyoangaliwa na daktari wa macho.

"Wimbo si kabati, mdogo wangu. Sikuuhamisha."

Nikamwomba basi maneno ya mwisho tu. Ayaseme polepole, niandike. Akasema nikitaka maneno nikayatafute nilikokuwa nimekaa.

Mkate uliungua. Nimelaumiwa mimi.

Ijumaa, 13 Februari

Mpango wa pili ni wa kitaalamu zaidi. Nimesoma vitabu vingi kuhusu nyimbo za nchi hii, na jambo moja liko wazi: watu wa Dublin hawaamini mdomo, wanaamini karatasi. Wimbo ukiimbwa na vikongwe mia ni uvumi. Ukikutwa kwenye karatasi chafu ni historia.

Kwa hiyo leo nimeipata karatasi chafu.

Nimeitoa nyuma ya kitabu cha sala cha babu, ukurasa mtupu. Nikaichovya kwenye chai, nikaikausha juu ya jiko, nikaiweka chini ya kuku anayeatamia kwa saa tatu. Kisha nikatunga ubeti wa mwisho, kwa mwandiko wa kizamani, nikaweka mwaka: 1849. Ng'ombe anatoka majini, anatingisha pembe, anapanda gati la Inis Luachra huku mwenyewe akilia kwa furaha.

Nimeusoma mara sita. Mara ya nne nililia mwenyewe. Sijui kwa nini kipaji hiki hakikuonekana mapema.

Jumamosi, 14 Februari

Aibu.

Muireann aliishika karatasi kwa vidole viwili, kwa heshima kubwa. Akaisoma. Akasema ni ubeti mzuri sana, Mzee Beartla. Akainusa. Akasema inanukia kifungua kinywa. Nikamwambia watu wa zamani walisoma wakila.

Kisha akaniuliza, kwa upole ule wa wasomi, kama najua gati la kisiwa lilijengwa lini.

Kama ninajua! Nani mwingine angejua? Nikakaa vizuri kitini. Nikamwambia lilijengwa mwaka 1893, lilianza Mei likaisha Septemba, babu yangu alibeba mawe na akapoteza kucha ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kabla ya hapo palikuwa na miamba tupu, watu wakirukia mashuani kama mbuzi.

Akaandika yote. Akanishukuru. Akaitazama tena ile 1849. Halafu akanitazama mimi.

Nikasema nimesahau kufunga kuku.

Jumatatu, 16 Februari

Baile Garbh yote inajua. Sijui nani kasema. Ninamshuku Báirbre, aliyenicheka Jumamosi mpaka akashika meza.

Dukani nilimkuta Feistí ananunua tumbaku. Akavua kofia, akaniita kwa jina wanalotuitia watu wa kisiwani.

"Karibu, mtu wa mwani! Nasikia ng'ombe wenu alipanda gati miaka arobaini na minne kabla halijajengwa. Huyo si ng'ombe, ni nabii."

Duka zima lilicheka. Hata mwenye duka, ambaye mimi ni mteja wake.

Nikamjibu kwa hoja. Nikamuuliza: kama ng'ombe ni wa Baile Garbh na wakala alimpeleka mjini, na mji uko upande huu huu wa maji, aliogelea ili iweje? Si angetembea tu?

Ushindi! Nilihesabu pumzi tatu za ushindi.

Feistí akawasha kiko. "Barabarani palikuwa na askari, bwana. Ng'ombe wa huku wana akili. Wa kwenu ndio waliokubali kuhamishwa."

Walicheka zaidi. Nikatoka bila sukari niliyotumwa.

Jumatano, 18 Februari

Nimemwendea Muireann na hoja ya kutembea. Akasema kweli ina uzito. Akasema pia kwamba nyimbo zinasafiri: fundi viatu anaubeba mmoja, bi harusi anaubeba mwingine, wanajeshi wanaurudisha umebadilika jina, na kila kijiji kinaapa ulizaliwa kwake. Bila neno la mahali ndani ya wimbo wenyewe, hana la kuandika ila pale alipounasa. Ng'ombe Mwekundu una pwani, una maji, una mwanamke, lakini hauna jina la mahali hata moja.

"Labda mwishoni," nikasema.

Akasema kwenye mashine maneno ya mwisho ya Feistí hayasikiki. Ameyarudia mara ishirini. Ni kama mtu anakohoa ndani ya soksi.

Nikamwambia ni uzee. Moyoni nilifurahi.

Ijumaa, 20 Februari

Mpango wa tatu, na huu hauna karatasi.

Kwa desturi ya hapa mtu haimbi wimbo wa mwenzake mbele ya mwenyewe. Mwenyewe akiwa chumbani, unanyamaza au unaimba mwingine. Hata Feistí, mwizi alivyo, hajawahi kuuimba Ng'ombe Mwekundu mama yangu akiwepo. Baada ya mama kufa ndipo akaanza na vikombe.

Jumapili baada ya misa Muireann anamnasa Feistí tena nyumbani kwake, kwa mara ya mwisho, ili asikie ule mwisho. Nitakwenda. Nitaketi mbele. Nitatangaza kwamba mimi ni mwana wa Nóra na wimbo ni wa nyumba yetu. Feistí hataweza kuimba. Hakuna wimbo, hakuna mwimbaji, hakuna Baile Garbh. Kadi itafutwa!

Sioni kasoro yoyote.

Jumapili, 22 Februari

Kasoro ilikuwepo.

Watu kama kumi na watano jikoni kwa Feistí. Chai, mkate wa zabibu, chupa ya kinywaji ambacho padri alijifanya ni maji. Báirbre alikuja pia, kwa ajili ya mkate, alisema, akakaa karibu na moto. Mashine mezani. Muireann akabonyeza kitufe. Nikasimama, nikatangaza kama nilivyopanga, na kwa sauti nzuri tu.

Feistí hakukasirika. Aliinuka, akaniachia kiti chake.

"Kweli kabisa. Mwana wa Nóra yupo, mimi sina mdomo. Haya, Beartla. Tuimbie."

Watu wote: haya, Beartla! Imba, mzee! Padri akapiga meza.

Sijawahi kuimba mbele ya watu. Sauti yangu ni ya lango lisilotiwa mafuta. Lakini mwenye wimbo akikataa kuimba, wimbo si wake tena. Desturi ile ile! Nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe na ufunguo nimeutupa dirishani.

Nikaimba. Nilianza juu mno. Ubeti wa kwanza, mbwa wa Feistí akatoka. Ubeti wa pili, nikafumba macho. Hapo nikasikia mkono umeshika wangu. Ndivyo wafanyavyo huku mwimbaji akilemewa: mtu anamshika mkono, anauzungusha polepole kufuata wimbo, kama anayeteka maji kisimani. Nilifungua jicho moja. Feistí.

Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Sauti yangu ikashuka ikapata mahali pa kukaa. Wakala akaja, kamba ikafungwa, mashua ikaondoka. Ng'ombe akaruka. Wakati fulani nilisahau mashine, nikasahau kadi. Nilimwona mama.

Nikafika mwisho. Pale pa kusema. Sina kitu. Utepe unazunguka. Wimbo usiofungwa ni mkosi kwa aliyeuanza na kwa aliyemshika mkono. Kila mtu aliyekuwemo alilijua hilo. Nikamtazama Báirbre. Akatazama moto.

Feistí akashusha pumzi. Akayasema yeye. Hakukohoa safari hii, hakumeza. Neno baada ya neno: kwamba ng'ombe mwekundu alilala mchangani, akiwa hai, Poll na Rón.

Poll na Rón! Shimo la Sili, ghuba ndogo chini ya nyumba yetu. Hakuna mahali pengine duniani penye jina hilo na mchanga huo. Nilijifunza kuogelea pale.

Muireann alikuwa ameacha kuandika. Akauliza Poll na Rón ni wapi. Watu wa bara wote wakainamia vikombe vyao. Feistí ndiye aliyejibu: Inis Luachra. Harusi ya dada yake, mwaka 1931, mama yangu alivuka maji kuja kuimba, na yeye, kijana wa miaka ishirini, ndiye aliyemshika mkono. Anayekushika mkono husikia mwisho.

Nikamuuliza mbona miaka yote amekuwa akiumeza.

"Nani angempa kikombe ng'ombe wa kisiwani?" akasema. "Lakini niliusema, Beartla. Kila mara. Sikuuacha wazi hata siku moja."

Ndipo sauti ikatoka karibu na moto.

"Hakulala. Alisimama. Ng'ombe mwenye akili halali mchangani maji yakijaa."

Báirbre. Baada ya miaka ishirini na minane. Feistí akavua kofia, na safari hii hakuwa anatania. Akamwomba aseme mstari wote. Akausema. Kisha, kwa kuwa mstari mmoja peke yake haukai, akauimba ubeti uliotangulia.

Sitaandika ilikuwaje. Mashine imenasa.

Jumatatu, 23 Februari

Wino. Nimeuona kwa macho yangu. Ulitungwa: Inis Luachra.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, mpaka nikasoma mstari wa chini. Waimbaji: Báirbre, binti Nóra, na Feistí Ó Maoláin. Mimi nipo kwenye maelezo, kwa herufi ndogo: "ubeti wa kwanza hadi wa sita, na mdogo wake Báirbre, sauti hafifu."

Hafifu!

Muireann ameahirisha safari siku mbili. Bahari imetulia ajabu kwa Februari. Keshokutwa anataka kwenda Inis Luachra amnase Báirbre akiimba pale pale Poll na Rón. Báirbre kakubali bila kunitazama. Feistí atakwenda pia. Mtu wa kumshika mkono, eti.

Jumatano, 25 Februari

Saa mbili asubuhi. Jua. Kisiwa kimekaribia hata naona kuta za nyumba.

Nimekwisha gundua kwamba ule wimbo mwingine wa Feistí, wa mfua chuma na mjane, nao ni wa kwetu. Hisia tu kwa sasa, lakini ushahidi utapatikana. Nimetunga beti mbili tangu jana. Safari hii nimekuwa mwangalifu na tarehe: hakuna gati. Nimeweka mwanga wa mnara wa taa, maana mnara ulikuwepo tangu zamani sana. Nadhani. Muireann akirudi jioni atanikuta mlangoni kwake. Feistí atajua mimi ni nani.

Báirbre ameingia amevaa koti la kanisani. Akasema nafasi ipo mashuani, na Muireann ameniomba niwaonyeshe mlango wetu ulipokuwa. Nikasema goti. Akasema nitaketi. Nikasema upepo. Akafungua dirisha, hata pazia halikutikisika. Akasimama kidogo. Akasema haraka, kwa sauti ya chini, kwamba paa la nyumba yetu limeanguka, anajua, ameliona kwa darubini ya padri, na kwamba yeye anakwenda hivyo hivyo.

Nimemfungia vifungo vya koti. Vidole vyake haviwezi tena. Amekwenda.

Nawaona wakishuka mwambani, Feistí mbele akimpa mkono. Muireann anapunga kuelekea dirisha hili. Wamesubiri. Bado wanasubiri.

Mimi sitarudi kule nikaone mlango usio na paa.