Nilimwita bokilo "thou"

Leo nimepata haya, bandugu. Haya ya kweli, mpaka masikio ilichoma.

Asubuhi nilienda Mudzipela kwa kina Neema, muchumba wangu, kuomba baba yake ruhusa ya kuleta ngombe za mahari. Muzee alifundisha Kingereza miaka mingi Uganda. Neema alinionya: "Papa anapenda vijana wenye kusema Kingereza." Mie na Kingereza? Bon. Nilijifunza wiki nzima.

Shida ilikuwa heshima. Kwa Kifaransa, "tu" ni ya rafiki, "vous" ni ya mukubwa. Ukimwambia bokilo, baba ya muchumba wako, "tu", unarudi kwenu na ngombe zako. Lakini Kingereza iko na "you" moja kwa wote, hata kwa mbwa! (Watu gani hao?) Nikatafuta. Katika Biblia ya Kingereza ya zamani ya tantine, dada ya mama, nikaona Mungu wanamwita "thou". Voilà! Kama inamufaa Mungu, itamutosha baba ya Neema. (Akili nyingi, mie.)

Nikafika. Muzee, mama, mashangazi, wote wamekaa. Nikainama, nikamumiminia muzee "thou" karibu kila sentensi. Akaweka kikombe cha chai chini.

"Nani alikufundisha hiyo?"

"Ni ya heshima, papa. Ni 'vous' ya Kingereza."

"Heshima? Zamani kwa Waingereza, 'you' ndiyo ilikuwa ya wakubwa. 'Thou' ni ya watoto, ya boyi wa kazi, ya watu wako wa nyumbani. Ao ya mutu unamudharau! Umeniambia 'tu' kwangu mwenyewe, mbele ya bibi yangu!"

"Lakini papa, Mungu..."

"Weye ukisali Kifaransa, Mungu unamwambia 'vous'?"

Mama yangu! Ninamwambia "tu". Kila siku! Shangazi mumoja akaficha uso ndani ya kitenge, mabega inatikisika. Neema hakunitazama. Nikajua ngombe zitabaki kwetu, na mie pamoja nazo.

Nikaaga. Muzee akanisindikiza mpaka mulangoni, akanishika bega.

"Thou," akasema, "juma yenye kuja ulete wazee wako."

Neema anaimba tangu saa ile. Mie bado ninajiuliza: nimeingia kama mutoto wa nyumba, ao kama boyi? Na mwenye atacheka hapa, asingojee mwaliko wa ndoa.