Mstari wa Maji Ukutani

Jumatatu, 4 Mei

Nimeamka na shingo imekakamaa. Kochi la shemeji yangu lilitengenezwa na mtu anayechukia binadamu. Fupi, gumu, na katikati kuna chuma kinachonitafuta ubavu. Mke wangu na watoto wamepewa chumba. Mimi kochi. Shemeji anasema mwanamume mzima hawezi kushindwa na kochi. Aliyasema hayo akitoka kwenye kitanda chake, anapiga mwayo.

Tangu mto uingie mtaani kwetu tunaishi hapa. Kwa kaka wa mke wangu, dalali mwenzangu, na, kama vile hayo hayatoshi, Mwenyekiti wa Chama cha Madalali wa Nyumba na Viwanja. Mimi ni Katibu Mwenezi. Nieneze nini sijui, maana kila la kusemwa analisema yeye.

Leo tulikuwa na kikao. Wizara ya nyumba imetuita Alhamisi kuzungumzia mafuriko: nani atarudi kwake, nani hatarudi, na sisi madalali tutatakiwa kufanya nini. Nikasimama kuomba niwe msemaji. Haki yangu. Katika ukumbi mzima ni mimi peke yangu niliyeamka na kukuta viatu vinaelea. Shemeji akasema nina hasira mno, nitaharibu. Nikapiga meza nikasema sina hasira. Wakapiga kura. Atasema yeye. Wanafiki wakubwa.

Jioni mke wangu alinivuta kando. Anataka kurudi kwake. Si "tukijaliwa", si "mambo yakikaa sawa". Amechoka kuomba ruhusa ya kufungua jokofu, amechoka kumwona kaka yake akiwachungulia watoto kila wakichota sukari. Nyumba ile ndiyo kitu pekee tulichonacho duniani, na wizara ikisema hairudiwi, hatuna pa kwenda. Nikamwambia aniachie mimi. Akafumba macho muda mrefu. Uchovu, bila shaka.

Jumanne, 5 Mei

Habari za uhakika, kutoka kwa karani wa wizara aliyepata kupanga kwenye nyumba niliyomtafutia. Watapita mtaani kutazama kuta. Nyumba yenye alama ya maji imekwisha, hairudiwi. Alama yenyewe kila mtu anaijua: ule mstari wa tope unaobaki ukutani maji yakishuka.

Basi kumbe adui ni mstari. Mstari unafutika!

Nikaenda mtaani na mikebe ya rangi iliyobaki kwenye nyumba ya mteja. Mtaa wetu unateremka kuelekea mtoni. Sisi tuko juu, kwetu maji yalifika magotini. Kule chini kabisa, kwa fundi cherehani, yalipita madirisha. Nilimkuta amekaa mlangoni anafuta kutu kwenye cherehani yake kwa mafuta ya taa. Akanitazama. Mimi ndiye niliyemuuzia nyumba ile. Akasema nilimwahidi mandhari ya mto. Nikamuuliza, kwani mto hauonekani? Akarudi kufuta kutu. Watu hawana shukrani. Kisa hicho hicho ndicho kimenipatia jina la Mandhari, na sasa hata watoto wa mtaani wananiita hivyo bila shikamoo.

Majirani niliwapata kwa maneno. Ukuta safi, mtaa salama, kila mtu kwake. Fundi rangi alianza asubuhi akipiga mluzi, na jua lilipozama mtaa mzima ulikuwa mweupe kama jino la bandia. Nje na ndani.

Kilichobaki ni kabati. Kabati la mbao alilopewa mke wangu na mama yake siku ya harusi. Lina mstari wa tope milangoni, mrefu, mweusi. Nikamwambia fundi apitishe brashi. Mke wangu akasimama mbele ya kabati na kusema kwamba atakayeligusa atapakwa yeye. Fundi akaacha kupiga mluzi. Limehamishiwa kwa shemeji, barazani. Nimeshajigonga nalo kidole cha mguu. Naandika huku kimevimba.

Alhamisi, 7 Mei

Siku ya laana.

Ukumbi wa wizara, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa kusitasita. Mhandisi aliyeendesha kikao ni mama mmoja mrefu aliyekuja na buti za mpira zenye tope bichi. Shemeji akafungua kwa salamu zilizochukua nusu ya asubuhi. Tai nyekundu. Tai yangu! Nilidhani imeondoka na maji.

Ndipo mhandisi akaanza kueleza. Nyumba zenye alama ya maji ndizo zitakazotengenezwa na serikali: saruji, mabati, mtaro mpya. Zisizo na alama hazikuathirika, hazimo kwenye mpango. Mtaa mzima nimeufuta kwa mikono yangu! Yule karani nikimkuta, nitamhamisha kwenye ile nyumba hata kama haimo tena mikononi mwangu.

Nikiwa bado natafuta pumzi, likaletwa la pili. Kuanzia sasa dalali atalazimika kumwambia kila mnunuzi kama nyumba imewahi kuingia maji. Kwa mdomo na kwa maandishi. Hapo nikasimama. Nikasema huko ni kutukata mikono. Muuza viatu haulizwi kama kiatu kiliwahi kukanyaga dimbwi. Baba wa bibi harusi haulizwi kama binti aliwahi kuugua surua. Nilikuwa nakuja kwenye mfano wa tatu, mzuri kuliko yote, shemeji aliponyanyuka na kusema chama kinaunga mkono. Kinaunga mkono! Akasema mteja akidanganywa mara moja, tunapoteza jina sote. Wakampigia makofi. Mhandisi akaandika maneno yake.

Nikatoka. Nikaubamiza mlango wausikie hadi kwa waziri. Kikao kiliendelea bila mimi, na hasara ni yao.

Usiku shemeji alikaa kwenye ncha ya kochi langu akisema kuna jambo muhimu lilisemwa baada ya mimi kuondoka, kuhusu madirisha. Nikavuta mto nikajifunika kichwa. Akaendelea. Nikaanza kuimba. Akaenda zake. Akiwa mlangoni akauliza kwa nini nanuka rangi.

Ijumaa, 8 Mei

Mhandisi anakuja kukagua kesho. Lazima mstari urudi.

Fundi rangi aliponisikia aliniuliza kama nimelala vizuri. Nikamwambia mteja ni mfalme, achanganye rangi ya kahawia na tope la mtoni, achore. Akauliza kwa kimo gani. Swali la maana, nililiwazia kwa kikombe kizima cha chai. Serikali inasaidia waliofikiwa na maji. Basi aliyefikiwa zaidi atasaidiwa zaidi. Magoti ni kujidhalilisha. Nikasema kifuani.

Kifua cha nani? Changu. Nikasimama wima, fundi akakata fimbo kwa kimo cha kifua changu, na fimbo ile tukaisimamisha chini kwenye kila ukuta, kuanzia kwetu juu hadi kwa fundi cherehani chini. Kimo kimoja kwa wote. Hakuna atakayesema nilipendelea. Fundi ana mkono mzuri, tuseme ukweli. Mstari umenyooka kuliko ule wa mto wenyewe.

Aliyelalamika ni mmoja tu. Fundi cherehani akasema kwake maji yalipita dirisha kwa mbali, sasa nimeyashusha. Nikamwambia asiwe mchoyo, mtaa ni mmoja na maji ni yale yale. Akasema ndiyo kwanza anaona mafuriko ya kugawiwa sawasawa. Nikamwacha anaongea na cherehani yake.

Shemeji alipiga simu mara nyingi. Sikupokea. Anataka sifa, akazitafute kwingine.

Jumamosi, 9 Mei

Sitaki kuandika. Naandika kwa hasira tu.

Mhandisi alifika na buti zake. Akateremka na mtaa hadi chini, akapanda tena. Akagusa mstari wetu, akatazama kidole chake. Kahawia. Kisha akanitazama kifuani. Akaniomba, kaka, hebu simama hapa kidogo. Nikasimama. Akaniomba nisimame na kwenye ukuta unaofuata. Na unaofuata. Mtaa mzima nyuma yetu, watoto wangu mbele kabisa, wananiangalia ninavyopimwa ukuta baada ya ukuta kama shati la mtumba.

Akasema kwa upole, na upole ndio uliniudhi zaidi, kwamba amefanya kazi hii miaka mingi lakini hajawahi kuona maji yanayopanda mlima. Juu kifuani, chini kifuani. Maji yakituama huwa bapa, alisema, ardhi ndiyo inayoteremka. Mtu mmoja akacheka. Fundi rangi! Niliyemlipa mwenyewe!

Kisha akasema lile la madirisha. Nyumba ambayo alama imepita kizingiti cha dirisha haitarudiwa kamwe. Itabomolewa, patapandwa miti. Kifua changu kinapita kila dirisha la mtaa. Na kwa kuwa alama za kweli zimepakwa rangi, hana kingine cha kufuata ila anachokiona.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima anayeimba kwaya, akavua ndala moja taratibu. Mke wangu hakunitazama. Alikuwa anaitazama nyumba. Sijawahi kuona uso ule, na nilijua ni mimi niliyeuweka pale. Ni mimi na yule karani. Zaidi yule karani.

Kisha mke wangu akamwambia mhandisi kwamba lipo kabati.

Shemeji ndiye aliyelileta, kwenye gari lake dogo la mizigo, amevaa tai yangu. Likaingizwa ndani, likawekwa pale pale lilipokuwa. Alama za miguu ya kabati bado zilikuwa sakafuni chini ya vumbi. Mhandisi akachuchumaa mbele ya ule mstari mweusi, akapitisha kucha, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Halafu akaomba mpira mwembamba wa maji, ule mafundi waashi wanaoutumia kupimia usawa. Wakaujaza maji, ncha moja kwenye kabati, nyingine kwa jirani, na kutoka hapo nyumba hadi nyumba, kuteremka. Kwetu magotini. Katikati ya mtaa kiunoni, chini kidogo ya madirisha. Watu wakaanza kushikana mikono.

Nyumba za mwisho, zilizo ukingoni, mstari ulipita madirisha. Ya fundi cherehani ndiyo ya kwanza kwenda.

Nilidhani atapiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na majibu. Hakupiga. Aliuliza tu kama anaruhusiwa kung'oa mlango aondoke nao, kwa sababu alinunua mbao zake mwenyewe. Mhandisi akasema anaruhusiwa. Nikafungua mdomo niseme kitu, sijui nini. Shemeji akawahi. Akamshika bega, akamwambia mlango wataubeba pamoja.

Kila kitu lazima awahi yeye!

Jumatatu, 11 Mei

Mke wangu na watoto wamerudi nyumbani. Kabati limerudi. Mimi bado kochini. Mke wangu amesema nitarudi siku nitakapokuwa nimesugua mstari wangu kwenye kuta zote za mtaa, peke yangu, na kwa brashi ya viatu. Nikamuuliza kwa nini ya viatu. Akasema kwa sababu ndiyo iliyopo.

Masharti mapya ya wizara yametoka. Chama kimempongeza Mwenyekiti kwa busara na ushirikiano wake na serikali. Jina langu halimo. Bila mimi nani angeleta ule mpira wa maji? Mtaa gani mwingine umepimwa kwa uangalifu namna ile? Hakuna. Lakini shukrani nimeshasema, watu hawana.

Nilisugua hadi adhuhuri. Nikafika kwa fundi cherehani. Pamebaki tundu la mlango na mstari wangu. Cherehani iko kwenye baraza la shemeji, pale lilipokuwa kabati, na usiku mwenyewe analala sakafuni karibu na kochi langu. Hakoromi. Hasemi. Leo nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza anataka nini hasa. Akajibu kwamba anataka mahali pa kuweka mlango wake.

Sina moyo wa jiwe. Nikatupa brashi, nikazunguka hadi jioni, na nimepata! Kiwanja, upande wa pili wa mji, mbali kabisa na ule mto mbaya. Bei nzuri ajabu. Tambarare, udongo laini hata kijiti kinaingia kwa kidole kimoja. Wanasema hata kiangazi majani yake ni mabichi, matete yamesimama kama ua la kupandwa, na jioni vyura wanaimba vizuri ajabu. Mwenye kiwanja aliharakisha kukubali, mtu muungwana sana.

Na yale masharti nimeyasoma mstari kwa mstari. Dalali aseme kama nyumba imewahi kuingia maji. Pale hapajawahi kuwa na nyumba. Basi sina la kusema.

Kesho asubuhi nampeleka akakione. Nimemwambia aje na mlango wake kabisa.